MTOTO WA ASIYECHANGA



Wengi wenu mmetuuliza, baada ya ibada na hata njiani, ni nini kilichotokea katika Kamati ya Shule hata mambo yakageuzwa katikati ya mwaka. Wengine mmetushukuru, wengine mmetulaumu. Sisi tunaoandika haya ni watu wa mtaa huu tuliochaguliwa na wazazi kuwa wajumbe wa Kamati hiyo. Tumeona vema kueleza katika gazeti letu, si kwa kujitetea, maana tulikosa, bali kwa kuwa jambo lenyewe ni swali ambalo kila Mkristo hana budi kulijibu: Je, ni haki mtoto akose kwa sababu mzazi wake hakuchanga?

Tulivyofanya

Baada ya mavuno wazazi walikutana chini ya mwembe wa shule, wakakubaliana kwamba watoto wapikiwe makande mchana. Kila mtoto aletewe debe moja la mahindi, kilo nne za maharage, na fedha kidogo za mpishi, chumvi na mafuta. Mikono iliinuliwa, hakuna aliyepinga. Miezi miwili baadaye tulipohesabu, karibu theluthi moja ya watoto walikuwa hawajaletewa chochote. Stoo ilikuwa ikipungua upesi kuliko tulivyotazamia, mpishi anadai ujira wake, na wazazi waliokwisha kutoa wameanza kunung'unika. Tukaitana. Mtu mmoja akasema, "Asiyechanga asile." Tulinyamaza kidogo, kisha tukainua mikono, na sisi tumo.

Basi Jumatatu yake majina yalisomwa mstarini. Waliochangiwa wakaenda jikoni na mabakuli yao. Wasiochangiwa wakaambiwa wangoje chini ya mwembe, mwembe ule ule ambao wazazi wao walikubaliana chini yake. Mjumbe mmoja wetu alikuwapo siku hiyo kutazama paa la darasa linalovuja. Alitueleza kwamba watoto wale hawakulia wala hawakulalamika. Walilipa jiko mgongo, wakacheza vijiwe mpaka kengele ikalia. Mtoto mmoja wa darasa la pili alikuwa amekuja na bakuli lake. Kengele ilipolia alikwenda bombani pamoja na wenzake, akaliosha, ingawa halikuwa na kitu cha kuoshwa.

Tulipoambiwa habari hiyo hatukusema neno. Lakini haikututoka. Ilitufuata mpaka Jumapili, tukapiga magoti mezani pa Bwana, na kila mmoja wetu akanyosha mikono yake kupokea bila kuulizwa kama amelipa.

Wenye kuitetea kanuni ile

Tusiwadharau waliosema "asiyechanga asile". Hawakuwa watu wakatili, na hoja zao zina uzito.

Kwanza, walisema, waliochanga si matajiri. Yupo mama mmoja mjane katika mtaa wetu aliyeuza kuku wawili ili watoto wake watatu wapate kula shuleni. Je, ni haki mahindi ya mjane huyu yamlishe mtoto wa bwana ambaye kila jioni anaonekana kilabuni? Pili, walisema, mtu akiona kwamba mtoto wake anakula hata asipotoa, mwaka ujao hatatoa. Na jirani yake akiona hivyo, naye hatatoa. Mwisho wake sufuria itakauka na watoto wote watakosa, wa mwema na wa mvivu. Tatu, walisema, Maandiko yenyewe yanafundisha kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Mtume Paulo aliwaandikia hivyo Wathesalonike.

Hoja ya pili ndiyo iliyotushinda siku ile. Sufuria ya watu wengi ina udhaifu wake: kila mtu hufaidi kwa jasho la wote, na kwa hiyo kila mtu hushawishika kuwaachia wengine watoe jasho. Jambo hili si la shuleni tu. Tunalijua katika kisima cha kijiji, katika kufagia kanisa, na hata katika sadaka ya Jumapili.

Mbona Serikali isilipe?

Wako wanaosema kwamba mjadala wote huu ni bure, kwa kuwa elimu ni bure. Yafaa tueleze, maana maneno haya yameleta kutoelewana kwingi.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 1973, kabla ya mpango wa elimu kwa wote wa 1977. Katikati ya miaka ya 1980, uchumi ulipokuwa mbaya, wazazi wakatakiwa kulipa tena. Ada ikafutwa mara ya pili mwaka 2001, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM. Lakini michango ya namna namna ikarudi kwa mlango wa nyuma, hata Serikali ikatoa waraka mwishoni mwa 2015, na tangu Januari 2016 elimu ikawa bila ada tangu awali hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 ikafikishwa kidato cha sita. Twamshukuru Mungu kwa hilo. Wako watoto katika mtaa huu ambao wasingaliliona darasa.

Hata hivyo "bila ada" si sawa na "bila gharama". Ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ilipangwa, MMEM ulipoanza, kuwa dola 10 za Marekani kwa mwaka, ambazo wakati ule zilikaribia shilingi 10,000. Kiwango cha shilingi 10,000 kiliendelea kutumika hata baada ya 2016, ingawa dola 10 zilikuwa zimekwisha kupita shilingi 20,000. Tena katika hizo 10,000, shilingi 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya kununua vitabu, na shilingi 6,000 zikaja katika akaunti ya shule.

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme shule ina watoto 600. Shilingi 6,000 mara 600 ni shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa mtoto mmoja ni shilingi 500 kwa mwezi, ambazo hazifikii bei ya mayai mawili. Na fedha hizo zimekwisha kugawiwa kazi zake: chaki na vifaa vya kufundishia, ukarabati, mitihani, michezo na utawala. Choo kikijaa, dawati likivunjika, bati likiezuliwa na upepo, ni katika hizo hizo. Chakula hakimo. Waraka wa Serikali wa 2016 uliwaachia wazazi chakula cha watoto wa kutwa, pamoja na sare na madaftari.

Basi asiyechanga kwa kusema "elimu ni bure" amekosea. Lakini na sisi tulikosea, maana Serikali imekwisha kukataza mtoto kunyimwa masomo kwa sababu ya mchango. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango iliyokuwa ikiwabana wazazi. Baadaye ikaelezwa kwamba mzazi anayetaka kuchangia kwa hiari asizuiwe, lakini fedha zisipokelewe na mwalimu. Mtu anaweza kusema kwamba sisi hatukumnyima mtoto masomo, tulimnyima makande tu. Lakini mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kitu na kukaa mpaka saa nane na njaa, amefundishwa nini mchana ule? Mwalimu yeyote atawaambia kwamba alikuwapo darasani kwa mwili tu.

Neno la nabii

Katika siku za Ezekieli watu walikuwa na methali waliyoipenda, kwamba baba wamekula zabibu mbichi na meno ya watoto yametiwa ganzi. Waliitumia kueleza mambo ya dunia: mzazi hufanya, mtoto hulipa. Someni sura ya 18 ya kitabu chake. Bwana anaikataza methali ile isitumike tena katika Israeli. Roho ya baba ni yake, na roho ya mtoto ni yake. Kila mmoja atabeba uovu wake mwenyewe.

Ndugu, tulipoyasoma majina yale mstarini tuliirudisha methali iliyokatazwa. Baba hakuchanga, na mwana akakaa chini ya mwembe. Ukimwuliza mtu yeyote kwa upole, "Mtoto huyu amekosa nini?" hataweza kujibu. Hakuitwa mkutanoni. Hakuinua mkono. Hana shamba wala debe. Kama mzazi ni mlevi, mtoto amekwisha kuadhibiwa nyumbani kwa ulevi ule, na sisi tunamwadhibu mara ya pili.

Na lile neno la Paulo? Tumelisoma tena kwa makini. Mtume alikuwa akisema na watu wazima wenye nguvu, walioacha kazi zao wakawa wanazunguka na kujishughulisha na mambo ya wengine. Tena alisema juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi, si juu ya asiyeweza, wala si juu ya mwana wa asiyetaka. Kulichukua neno hilo na kuliweka juu ya kichwa cha mtoto wa miaka 8 ni kulichukua bila ruhusa ya mwenyewe.

Paulo huyo huyo aliwaandikia Wakorintho maneno makali kwa sababu ya meza. Walikuwa wakikusanyika pamoja, huyu anakula akashiba, huyu anakaa na njaa, wote chini ya dari moja. Akawaambia kwamba hivyo wanawatahayarisha wasio na kitu na kulidharau Kanisa la Mungu. Hatusemi kwamba makande ya shule ni Meza ya Bwana. Twasema tu kwamba mtu aliyefundishwa na Meza ile hawezi kutazama watoto wakigawanywa mbele ya sufuria akaona ni utaratibu mwema.

Watu wa namna tatu

Tulipokwisha kuona hayo, bado swali la sufuria lilibaki. Mtoto asiadhibiwe, sawa. Je, mahindi yatatoka wapi? Ndipo tulipofanya jambo ambalo tungalifanya kwanza. Tulijigawa wawili wawili, tukaenda nyumba kwa nyumba kwa wale wasiochanga, si kudai, bali kuuliza.

Tulikuta watu wa namna tatu.

Wa kwanza ni wasioweza. Bibi anayelea wajukuu wanne kwa kuuza mchicha. Baba aliyelala miezi kadhaa na mguu wenye donda. Shamba lililoliwa na nguruwe. Hawa walikuwa wengi kuliko tulivyodhani, na kilichotuumiza ni kwamba baadhi yao ni washirika wenzetu, tunaokaa nao benchi moja kila Jumapili, na hatukujua.

Wa pili ni wasiotaka. Wapo, wala tusijidanganye. Mmoja alituambia wazi kwamba yeye amezaa watoto ili wamsaidie, si yeye awasaidie wao. Lakini hawa walikuwa wachache mno. Tulikuwa tumetunga kanuni ya kuwakomesha watu wasiojaza hata benchi moja la kanisa, na kanuni ile ikawapiga watoto wapatao theluthi ya shule.

Wa tatu ni wasioamini. Hawa ndio waliotufundisha zaidi. "Mwaka juzi tulichangia madawati," alisema mzee mmoja kwa sauti ya utulivu. "Wanangu, mimi sijayaona madawati hayo, wala sijaiona karatasi ya hesabu. Nionyesheni, kesho naleta debe." Hatukuwa na la kumjibu. Madawati yalinunuliwa kweli, sehemu yake, na fedha nyingine zikaenda kwenye choo kilichobomoka wakati wa masika. Hapakuwa na wizi. Lakini hakuna aliyewahi kusimama mbele ya wazazi na kueleza hivyo. Tulinyamaza kwa sababu tulijua nafsi zetu kuwa safi, tukadhani watu nao wanajua.

Kila namna ina dawa yake. Asiyeweza asamehewe, au achange kwa mikono yake: mzigo wa kuni, ndoo za maji, siku moja ya kulima. Asiyetaka aitwe yeye mwenyewe, mtu mzima mbele ya watu wazima, katika baraza la kijiji, na mtoto wake asihusishwe. Asiyeamini apewe hesabu. Kanuni yetu ya kwanza iliwatupa wote watatu katika kapu moja, na kisha ikawaacha wote watatu na kuwaendea watoto wao.

Kasha lenye tundu

Juu ya hesabu, Biblia ina habari ambayo ingefaa isomwe katika kila Kamati ya Shule. Imo katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 12. Mfalme Yoashi aliagiza fedha za sadaka zitengeneze mahali palipobomoka katika nyumba ya Bwana. Ikafika mwaka wa 23 wa kutawala kwake, na mahali pale palikuwa bado pamebomoka. Maandiko hayasemi kwamba makuhani waliiba. Yasema tu kwamba fedha zilipokelewa na nyumba haikutengenezwa.

Basi kuhani Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu, mahali ambapo kila mtu aingiaye analiona. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja wote wawili, wakazihesabu pamoja, wakazitia mifukoni, wakawapa mafundi. Na nyumba ikatengenezwa.

Angalieni hekima yake. Yehoyada hakuhubiri kwanza juu ya wajibu wa kutoa. Alitoboa tundu. Aliweka fedha mahali pa wazi, chini ya macho ya wengi, na kuhesabu kukawa kwa watu wawili wa ofisi mbili. Uaminifu wa moyoni ni jambo la mtu na Mungu wake. Lakini fedha za watu zinataka uaminifu unaoonekana. Mtume Paulo naye, alipokusanya mchango kwa ajili ya Wakristo wa Yerusalemu, hakukubali kuubeba peke yake. Alitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia.

Ndiyo maana sasa, nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, mnaona ubao. Umeandikwa kwa chaki: madebe yaliyoingia, madebe yaliyopikwa, fedha zilizopokelewa kwa stakabadhi, fedha zilizotumika, na kwa kazi gani. Ruzuku ya Serikali nayo imo, kila inapoingia. Jina la asiyechanga halimo. Kila mwisho wa mwezi wajumbe wawili, mmoja wa Kamati na mmoja aliyechaguliwa na wazazi siku hiyo hiyo, hupima mahindi yaliyobaki. Yule mzee wa madawati alikuja, akausoma ubao tangu juu mpaka chini, akaondoka bila kusema kitu. Keshoye alileta debe lake.

"Shule si yetu"

Liko neno jingine tulilolisikia, hasa kwa washirika wenye umri. Walituambia kwamba shule ile ilijengwa na Kanisa, baba zao walifyatua matofali yake, na Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za namna hiyo chini ya Serikali. "Waliichukua," wanasema, "basi na waitunze." Na wengine, ambao watoto wao wamekwisha kukua au wanasoma kwingine kwa kulipia, husema kwamba jambo hili haliwahusu.

Twaelewa uchungu wa wazee. Katika nchi hii, wamisionari wetu walipofungua kituo, shule na kanisa vilikwenda pamoja, mara nyingi katika jengo moja. Lakini tuulize: baba zetu walifyatua matofali yale kwa ajili ya nani? Kama ilikuwa kwa ajili ya hati ya kumiliki, kweli yamepotea. Kama ilikuwa kwa ajili ya watoto, watoto wangali mle ndani, wengi kuliko zamani, Wakristo na Waislamu pamoja, nao ndio wajukuu wa wale wale waliofyatua. Hakuna sheria iliyowachukua.

Nehemia alipojenga tena ukuta wa Yerusalemu, aliandika majina ya waliojenga na mahali walipojenga. Wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Lakini wametajwa Watekoi, watu wa nje ya mji, waliokuja kujenga ukuta ambao haukuikinga nyumba yao. Imeandikwa tena kwamba wakuu wao walikataa kutia shingo zao kazini. Watu wa kawaida wa Tekoa hawakusema, "Wakuu wetu hawafanyi, na sisi tusifanye." Walimaliza sehemu yao, kisha wakachukua sehemu ya pili. Uvivu wa wakubwa haukuwapa ruhusa ya kuwa wavivu.

Tunalisema hili pia kwa wale wanaotungoja mpaka Serikali ifanye sehemu yake. Ni haki yetu, tena ni wajibu wetu, kumwambia diwani na Halmashauri kwamba shilingi 6,000 kwa mtoto haitoshi, kulisema kwa adabu na kulisema tena. Kunyamaza si unyenyekevu. Lakini kudai kwa mdomo na kukunja mikono si jambo moja na kudai huku umeshika jembe. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka kila shule iwe na shamba au karakana yake. Shamba la shule yetu liko, limeota magugu tangu miaka mingi. Ekari zile hazikuchukuliwa na mtu yeyote. Ziliachwa.

Mambo yalivyo leo

Tungependa kuwaambia kwamba baada ya kugeuza kanuni yote yalinyooka. Haikuwa hivyo. Sasa sufuria ni moja na watoto wote wanakula. Kwa sababu hiyo chakula ni kidogo zaidi, na siku mbili za juma, badala ya makande, wanapata uji. Wazazi wawili waliokuwa wamechanga kila kitu walikuja kutuambia kwamba hawatachanga tena, kwa kuwa tumewafanya wajinga. Mmoja amebadili nia, mwingine hajabadili, na mtoto wake anakula pamoja na wengine. Watu wasiotaka waliitwa barazani. Baadhi wameleta, baadhi hawajaleta. Mpishi anatudai ujira wa mwezi mmoja.

Hoja ile ya pili, ya sufuria kukauka, bado haijafa. Inawezekana mwakani watu wachache zaidi watoe, na hapo tutakuwa na shida kubwa. Hatuna hakika ya kuwapa. Lakini tumeona kwamba kuna namna mbili za kushindwa. Sufuria ikikauka kwa sababu tulikuwa maskini, tutasikitika pamoja, watoto na wazazi. Ikijaa kwa sababu tuliwaketisha watoto wengine chini ya mwembe, watoto wote watakuwa wamejifunza somo, wa jikoni na wa mwembeni, na hilo ndilo somo watakalolikumbuka wakishasahau hesabu na Kiingereza. Wa jikoni watajifunza kwamba inawezekana kula huku mwenzako anatazama. Tusingependa kuwa walimu wa somo hilo.

Na yule mjane aliyeuza kuku? Tulikwenda kwake kwa hofu, maana yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kutulaumu kuliko wote. Alisikiliza, akatuuliza, "Hao watoto wa mwembeni, ni wa akina nani?" Tulipomtajia wachache alisema, "Huyo namjua. Mama yake tulikuwa naye kliniki siku moja." Kisha akauliza kama shamba la shule litalimwa Jumamosi ipi.

Tunayowaomba

Ndugu wapendwa, tunawaomba mambo matatu tu. Kwanza, shamba la shule litalimwa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mpaka mbegu ziingie ardhini. Njoni na majembe, wenye watoto shuleni na wasio na watoto. Umoja wa Akina Mama na vijana wamekwisha kukubali. Pili, mkipita shuleni simameni mkausome ubao. Mkiona hesabu isiyoeleweka, tuulizeni mbele ya watu. Hamtatuvunjia heshima kwa kuuliza. Tatu, mkijua nyumba isiyoweza kuchanga, msingoje watu wa nyumba hiyo waaibike. Mwambieni mmoja wetu kwa siri, au mbebe debe lao pamoja na lenu.

Na katika sala zenu mtukumbuke sisi wajumbe, tusije tukainua mikono tena kabla ya kufikiri.

Bwana, ambaye mbele yake makutano yote walikula wakashiba wala hakuwatenga walioleta mikate na wasioleta, atupe moyo wa kutoa na akili ya kugawa. Amina.

Ni sisi ndugu zenu,
Wajumbe wa Kamati ya Shule kutoka mtaa huu